Kisu Kimenolewa na Bado Hakipati

Kuna kisu kinachonyoa malaika ya mkono bila kuacha hata mmoja, kisha ukikiweka juu ya ganda la nyanya kinateleza. Kuna kingine hakinyoi kitu, lakini kamba nene ya katani kinaikata kwa mvuto mmoja. Ukiuliza kipi kati ya hivyo viwili ndicho kikali utapata majibu mawili, na yote yana ukweli ndani yake.

Naandika haya kwa sababu nimeona visu vingi vizuri vikiliwa na jiwe bure. Mwenye kisu akiona hakipati, anarudi kwenye kinoo na kusugua zaidi, tena kwa nguvu. Mara nyingi kosa si uchache wa kusugua. Ama jiwe linasugua mahali pasipohusika, ama kisu kimeshakuwa kikali na shida yake ni nyingine ambayo kinoo hakiitibu hivyo. Kwa hiyo, kabla hujakirudisha jiweni, tafuta kwanza kinaumwa nini.

Ukali wenyewe ni kitu gani

Chukua kisu, elekeza makali chini, kisha kitazame kwa mbele ncha ikikuelekea. Ubapa unashuka kutoka mgongoni pande zote mbili. Karibu na mwisho pande hizo zinainama zaidi na kufanya miteremko miwili mifupi, ile inayong'aa baada ya kunoa. Mstari ambapo miteremko hiyo inakutana ndio ukingo. Kama ingekutana kikamilifu, ukingo usingekuwa na upana wowote. Hakuna chuma kinachofika huko. Siku zote hubaki kijimviringo pale chini. Ukali ni udogo wa kijimviringo hicho.

Unywele wa kichwani una unene wa kama maikroni 50 hadi 100, na maikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Ukingo wa kisu kilichochoka unaweza kufika upana wa maikroni 10 na kupita. Kisu cha kazi kilichonolewa vizuri kwa mkono kina ukingo wa chini ya maikroni 1, na wembe mpya hushuka mpaka karibu na sehemu ya kumi ya maikroni. Obsidiani, yaani kioo cha volkano, ikipasuliwa hutoa ukingo mwembamba kuliko huo, ila ukiipindisha kidogo tu inavunjika. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha bei ya ukali: kila ukingo unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyokuwa na chuma kidogo cha kujitetea.

Tofauti hizo hazionekani kwa macho, lakini mkono unazijua. Nguvu ileile ikikaa juu ya mstari mwembamba mara kumi, mgandamizo wake unaongezeka mara kumi. Ganda la nyanya hubonyea upesi. Ukingo mpana unalisukuma ndani mpaka tunda lipondeke. Ukingo mwembamba unalipasua kabla halijapata nafasi ya kubonyea.

Ila ukali ni jambo moja, na kukata ni jambo pana zaidi. Ukingo ukishapasua uso wa kitu, mwili mzima wa kisu lazima upite katikati ya kitu hicho, na hapo wanaoamua ni pembe ya miteremko na unene wa ubapa nyuma ya ukingo. Halafu kuna sura ya ukingo kwa urefu wake: umelainika kama kioo, au una vimeno vidogo vilivyoachwa na chembe za jiwe. Kisu huweza kufaulu kwa kimoja na kuanguka kwa kingine, ndiyo maana dalili hazifanani.

Kitazame kabla hujakigusa

Simama chini ya taa moja kali, au chukua tochi. Elekeza makali juu, yakuangalie, kisha ukitikise kisu taratibu ili mwanga utembee juu ya ukingo. Ukingo mkali hauna uso wa kurudisha mwanga, kwa hiyo unaonekana kama mstari mweusi au hauonekani kabisa. Popote utakapoona kijimstari cheupe kinametameta, pale pamekuwa bapa. Nukta moja inayong'aa ni pengo. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote, maana hakiharibu kitu na kinakuonyesha mahali hasa pa kushughulikia.

Kisha karatasi. Ishike kwa juu ining'inie, upitishe kisu kuanzia kisigino, yaani mwisho wa makali karibu na mpini, hadi ncha, huku ukisikiliza. Kisu kizuri kinatoa sauti moja nyororo mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza au kunasa, simama, angalia ni sehemu gani, uweke alama ubavuni. Karatasi ya gazeti ni mtihani mgumu kuliko ya daftari kwa sababu ni laini na inakwepa.

Kidole gumba kinatumika pia, ila kipitishwe kwa kukingama, kutoka mgongoni kushuka na kutoka nje ya makali. Kamwe usikitembeze kwa urefu wa makali.

Dalili: umenoa nusu saa na hakuna kilichobadilika

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na chanzo chake karibu siku zote ni kimoja: jiwe halijafika kwenye ukingo. Wahenga walisema kinolewacho hupata. Ni kweli, mradi kinolewe penyewe. Ukishika kisu kwa pembe ndogo kuliko pembe iliyopo, jiwe linagusa bega la mteremko tu, yaani pale juu mteremko unapoanzia. Miteremko inang'aa, tope jeusi linatoka, mikono inachoka, na ule ukingo mviringo unabaki vilevile bila hata kuguswa.

Kuna njia ya kulithibitisha kwa dakika moja. Chukua makapeni nyeusi, paka wino kwenye mteremko wote kuanzia bega hadi ukingoni, pande zote mbili. Acha ukauke. Pitisha kisu jiweni mara mbili tu, kwa namna unayonoa siku zote, bila kujirekebisha. Sasa kitazame kwa karibu. Kama wino umefutika juu, karibu na bega, na chini kabisa kumebaki uzi mweusi mwembamba, umelaza kisu mno. Inua mgongo kidogo. Kama umefutika ukingoni tu na juu umebaki, umeinua mno. Ukikuta umefutika kisiginoni na katikati lakini ncha bado nyeusi, kosa liko kwenye mpini: makali yanapoanza kupinda kuelekea nchani, mpini lazima uinuke kidogo ili mteremko uendelee kulala juu ya jiwe. Paka tena, jaribu tena. Wino hausemi uongo.

Ukitaka kuanza na pembe unayoijua, hesabu yake ni nyepesi. Pima upana wa ubapa kutoka mgongoni hadi makalini. Kwa nyuzi 15 kila upande, zidisha kwa 0.26, kwa nyuzi 20, zidisha kwa 0.34. Kisu chenye upana wa milimita 45 mgongo wake utakaa kama milimita 12 juu ya jiwe kwa nyuzi 15, na kama milimita 15 kwa nyuzi 20. Rundika sarafu mpaka zifike kimo hicho, lazia mgongo juu yake uone mkono unakaaje, kisha ziondoe. Visu vyembamba vya mtindo wa Kijapani kwa kawaida hunolewa nyuzi 10 hadi 15 kila upande, vya mtindo wa Ulaya 15 hadi 20, na panga la kazi nzito 25 hadi 30.

Utajuaje kuwa umefika? Kwa mkunjo. Jiwe likishafika ukingoni, chuma kinakuwa chembamba mno pale mwisho kiasi kwamba hakiwezi kuhimili jiwe, nacho kinajikunja kuelekea upande wa pili. Ukipitisha kidole gumba upande huo, kutoka mgongoni kuelekea nje, kinanasa kidogo, kama ukingo wa bati lililokatwa. Usigeuze kisu mpaka umeusikia mkunjo kwa urefu wote, kisiginoni, katikati na nchani. Hili nalisisitiza kuliko yote yaliyomo humu. Wanaokuambia pitisha mara ishirini kila upande wanakupa nambari isiyokijua kisu chako.

Mawe hupewa nambari kwa chembe zake: nambari ikiwa ndogo, chembe ni kubwa na jiwe linakula chuma zaidi. Kama kisu kimekufa kabisa na jiwe lako ni la 1000, mkunjo utachelewa mno na mkono utaanza kuyumba kabla haujatokea. Anza na la 220 au 400, pata mkunjo, ndipo uhamie la 1000.

Dalili: kikali ajabu, kisha kinakufa baada ya mikato michache

Hapa mkunjo ulipatikana lakini haukuondolewa. Umesimama wima mwishoni mwa kisu kama unyuzi, mwembamba kuliko ukingo wenyewe, kwa hiyo kwenye karatasi unakata kwa namna ya kushangaza. Ukigusa ubao mara kadhaa unalala au unakatika, na chini yake kumebaki ukingo mchafu. Mtu anaamini kisu chake ni cha chuma kibaya, kumbe hajawahi kukitumia kikiwa kimenolewa mpaka mwisho.

Mkunjo hauondoki kwa nguvu. Nguvu inaufukuza tu upande wa pili. Punguza mkandamizo hatua kwa hatua mpaka jiwe libebe uzito wa kisu peke yake. Halafu pitisha mara moja upande huu, mara moja ule, kwa kusukuma makali mbele kana kwamba unataka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe. Katika mipitisho michache ya mwisho nainua mgongo kwa nyuzi mbili tatu hivi, ili jiwe liukate mkunjo pale shinani. Kisha natazama kwa tochi: mkunjo uliobaki unaonekana kama mng'ao ukiangalia upande mmoja na unatoweka ukiangalia upande wa pili. Hapo unajua umelalia wapi.

Ngozi inamalizia kazi. Mkanda wa ngozi uliobandikwa kwenye ubao na kupakwa oksidi ya kromiamu, ile rangi ya kijani yenye chembe za karibu nusu maikroni, unasafisha mabaki ambayo jiwe limeshindwa. Kisu kinavutwa mgongo ukitangulia, kamwe si makali. Na hapa pia mkono uwe mwepesi: ukikandamiza, ngozi inabonyea na kuukumbatia ukingo, ikaufanya mviringo tena. Wengi hunoa vizuri jiweni na kuyaua makali yao kwenye ngozi.

Ikiwa una hakika mkunjo haupo, angalia unakatia juu ya nini. Kioo, marumaru, bati na sahani ni vigumu kwa ukingo wenye upana chini ya maikroni 1. Mguso mmoja unatosha kuulaza. Ubao wa mti au wa plastiki laini ndio mahali pa kisu. Na tabia ya kukusanya vilivyokatwa kwa kukwangua ubao kwa makali, tena kwa ubavu, ni ya kuachwa leo. Geuza kisu, kwangua kwa mgongo.

Baada ya hapo ndipo chuma chenyewe kinaweza kushtakiwa. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, nambari ikipanda chuma ni kigumu zaidi. Visu vingi vya Ulaya vya chuma kisichoshika kutu viko kati ya 54 na 58. Visu vya Kijapani vya chuma kigumu hufika 60 hadi 65. Chuma laini hakimong'onyoki bali kinalala, na kikilala unaweza kukinyoosha kwa fimbo ya chuma: mipitisho michache myepesi kila upande na kisu kinapata tena bila kwenda jiweni. Chuma kigumu usikipeleke kwenye fimbo ya chuma yenye mifereji, maana kitapata mapengo. Kitumie fimbo ya kauri laini au ngozi.

Hata wapimaji rasmi hawachanganyi ukali na udumu. Katika kiwango cha kimataifa cha kupima visu, ISO 8442-5, kinachofuatwa na kituo cha utafiti cha CATRA kule Sheffield, Uingereza, mashine inapitisha kisu mbele na nyuma juu ya karatasi zenye chembe za silika kwa asilimia 5, chini ya mzigo wa nyutoni 50. Mizunguko mitatu ya mwanzo inatoa nambari ya ukali. Jumla ya karatasi zilizokatwa baada ya mizunguko 60 inatoa nambari ya udumu. Kisu kinaweza kupata alama nzuri kwenye ya kwanza na kuvunjika moyo kwenye ya pili. Ukisikia kisu kinasifiwa ukali wa siku ya kwanza, uliza hiyo nambari ya pili.

Dalili: sehemu moja inakufa upesi, kwingine kuko sawa

Niliwahi kumpa fundi kisu nilichokipenda akinoe kwa gurudumu la umeme. Kilirudi kinang'aa, na kwa siku mbili nilifurahi. Siku ya tatu, sehemu ya upana wa vidole viwili karibu na ncha ilikuwa inateleza. Nilikinoa kwa jiwe, kikapata. Siku iliyofuata pale pale pamekufa. Nilipokisogeza dirishani niliona doa dogo la bluu juu ya mteremko, kubwa kama ukucha wa kidole cha mwisho. Niliumia sana, kwa sababu doa hilo lilikuwa na maana moja.

Chuma cha kisu kinapata ugumu wake kwa kuchomwa na kupozwa ghafla, kisha kinapashwa tena kwa joto dogo, kwa kawaida nyuzijoto 150 hadi 250, ili kisiwe kikavu mno, yaani chepesi kuvunjika. Gurudumu likikizidishia joto, ugumu unashuka na haurudi. Kwenye chuma cha kaboni rangi zinakusimulia: njano ya majani makavu karibu na nyuzijoto 220, kahawia karibu 260, zambarau karibu 280, bluu karibu 300. Ukingo ni mwembamba kiasi kwamba unafika huko kwa sekunde moja, na wakati mwingine sehemu iliyoungua inasuguliwa palepale isionekane rangi yoyote.

Dawa ni kuondoa chuma kilicholainika mpaka ufike kilicho kigumu, kwa jiwe la mkono lenye chembe kubwa na maji mengi. Mimi nilitumia la 220, jioni nne, na nilipunguza karibu milimita moja ya upana kwa urefu wote ili mpindo wa makali ubaki na umbo lake. Sasa kinadumu. Ikiwa huna budi kutumia gurudumu au mashine ya msasa, shika kisu bila glavu na ukichovye majini kila unapoona kina joto kwa vidole. Vidole vitakuonya mapema kuliko rangi.

Dalili: kinanyoa mkono, lakini kinateleza kwenye ganda la nyanya

Ukingo umesuguliwa kwa mawe laini mno, 6000, 8000, kisha ngozi, mpaka vimeno vyote vimefutika. Ukingo wa namna hiyo ni bora sana kwa kunyoa, kwa kuchonga mti, kwa kazi ya kusukuma moja kwa moja. Lakini ganda linaloteleza linahitaji kitu cha kulishika kwanza. Rudi kwenye jiwe la 1000, pitisha mara tano sita kila upande kwa mkono mwepesi, ondoa mkunjo, mara mbili tatu kwenye ngozi, basi. Kitanyoa kwa kukwaruza kidogo, na ganda kitalishika kwa uzito wake.

Kuna chanzo cha pili cha kuangalia kabla ya hapo. Kisu kilichotumika siku nyingi huchoka polepole, hivyo dalili hii inaweza kuwa uchovu wa kawaida tu. Tochi itakutofautishia: ukingo uliochoka una uzi wa mwanga, uliosuguliwa mno hauna.

Kwa maoni yangu kisu cha jikoni kiishie kati ya 1000 na 3000. Kupanda zaidi kunapendeza macho, na sioni kazi ya kila siku inayokuhitaji ufike huko.

Dalili: karatasi kinaikata vizuri, karoti inapasuka kwa mlio

Usiguse makali. Makali ni mazima. Ukisikia mlio na kuona kipande kinaruka kabla kisu hakijafika ubaoni, ujue kisu hakikati tena, kinapasua kama kabari. Unene nyuma ya ukingo ndio wenye kosa. Kisu chembamba cha jikoni kina milimita 0.2 hadi 0.3 hivi pale mteremko unapoanza, kikifika 0.6 kitapasua hata kama ukingo wake ni wa wembe.

Visu vingi hufika huko kwa uzee. Ubapa ni mpana mgongoni na mwembamba chini, na kila unapokinoa, ukingo unapanda kuelekea sehemu nene. Miaka kumi baadaye mteremko ambao ulikuwa mstari mwembamba umekuwa mpana kama punje ya mchele, na mwenyewe hakumbuki lini kisu kilianza kuwa kizito. Dawa ni kupunguza unene wa ubapa: laza kisu karibu kabisa na jiwe la 220 au 400, nyuzi 5 hivi au pungufu, vidole vikibonyeza juu tu ya bega la mteremko, na usugue pande zote mbili mpaka bega liyeyuke na mteremko ubaki uzi. Ni kazi ya saa moja au mbili, itakwaruza ubavu, na utakapomaliza utadhani kisu ni kipya. Baada ya hapo ndipo unaweka ukingo upya kwa nyuzi 15.

Dalili: makali yanamong'onyoka

Mapengo madogo yanayorudi kila baada ya kunoa yana maana kwamba ukingo ni mwembamba kuliko kazi unayoupa, au chuma ni kikavu. Ongeza pembe kwa nyuzi mbili au tatu kila upande, unoe mpaka mapengo yote yaishe, na usipinde kisu ubavuni kikiwa kimezama ndani ya kitu. Mfupa, mbegu ngumu na kitu kilichoganda kwa baridi vina vifaa vyake.

Usidhani lakini kwamba kitu kigumu tu ndicho kinachotoa pengo. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, Gianluca Roscioli na Cem Tasan wakiwa miongoni mwao, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa nyembe chini ya hadubini ya elektroni. Nywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa karibu mara 50, na bado waliona zikiumega ukingo. Hilo lilitokea pale unywele ulipojipinda na kukutana na ukingo kwa mshazari, kwenye sehemu ambayo chuma chenyewe hakikuwa sawasawa ndani. Ndiyo maana nasema msukumo wa ubavu ni adui mkubwa kuliko ugumu wa kitu unachokata.

Pengo kubwa, linaloonekana kwa macho, liondolewe kwa kusimamisha kisu karibu wima juu ya jiwe kubwa mpaka ukingo wote ushuke usawa wa shina la pengo, ndipo uanze kunoa upya. Kunoa pengo peke yake kunaacha shimo.

Dalili: kimelala ubaoni, katikati kuna mwanga

Vitu havikatiki mpaka mwisho, vinabaki vimeshikana kama mnyororo. Jiwe lako limebonyea katikati, au umekuwa ukisugua katikati zaidi. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe, lisugue kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo bapa huku ukimwagia maji, mpaka mistari yote ifutike. Kisu nacho shusha kisigino na ncha mpaka kilale.

Dalili: mkato unakimbilia upande mmoja

Mteremko mmoja ni mpana kuliko mwingine. Kama hukukinunua hivyo, noa upande ule mwembamba zaidi mpaka vilingane. Kama ni kisu cha mteremko mmoja kilichotengenezwa kwa makusudi, upande bapa ulazwe jiweni kabisa, usiuinulie pembe yoyote.

Dalili: ukibonyeza hakikati, ukivuta kinapita

Hii si kasoro, au si kubwa. Mwaka 2012 kundi la mtafiti L. Mahadevan wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha katika jarida la Physical Review Letters, kwa kukata jeli kwa waya mwembamba, kwamba mwendo wa kuvuta unaanzisha mpasuko kwa nguvu ndogo ya kubonyeza kuliko kubonyeza peke yake. Kitu laini ukikibonyeza kinajikusanya na kuhimili. Ukivuta, unakinyoosha juu ya ukingo mpaka kinachanika. Kwa hiyo jaribio la haki ni mkato wenye mvuto. Ila kama zamani kisu hichohicho kilikuwa kinapita kwa kubonyeza na sasa hakipiti, ukingo umepanuka. Rudi kwenye tochi.

Dalili: jana usiku kilikuwa kikali, asubuhi hakipati

Hakuna aliyekigusa, na bado. Ukingo wa chini ya maikroni 1 hauhitaji kutu ya kuonekana ili uharibike. Majimaji yenye asidi ya ndimu au nyanya yakikaa usiku kucha yanaula polepole, hasa kwenye chuma cha kaboni. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikifikia Sheffield mwaka 1913, kinajikinga kwa utando wa oksidi ya kromiamu, lakini hata huo unashindwa pale chumvi na unyevu vinapokaa. Droo inayogonganisha visu na mashine ya kuoshea vyombo huongeza mapengo juu ya hayo. Kioshe kwa mkono mara tu umemaliza, kikaushe kuanzia mgongoni kwenda nje, kipake tone la mafuta kama ni cha kaboni, kirudishe kwenye ala. Asubuhi kijaribu kwenye karatasi ileile uliyoitumia jana.